Mongi Ma na Harusi Ndani ya Hema la Mpaka

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, dukani, zizini, punguzeni kelele kidogo. Leo tunaye Mongi Ma. Mongi Ma wa Kantasar, mfugaji, mke wa Gela Bapa, mama wa watoto wanne, na mwimbaji wa mipasho ya harusi ambaye wanaume wa vijiji vyote vya huku walimwogopa kuliko askari. Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, baada ya kukamua. Hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Alikuwa amepita miaka themanini. Amepita kwa kiasi gani, hata yeye hakujua, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba wanaokaguliwa meno ni ng'ombe.

Binti yake mkubwa, Hiruben, alitupokea nyumbani kwao juzi. Macho yalikuwa mekundu, lakini alituwekea mikate ya uwele na samli mbele yetu kabla hatujatoa hata pole. Akasema, "Mama aliacha neno. Alisema atakayemlilia, kwanza ale. Basi kuleni, ndipo muulize."

Tukala. Tukauliza. Na tuliyoyasikia, wasikilizaji, yalitufanya tucheke ndani ya nyumba ya msiba mpaka majirani wakachungulia.

Mongi Ma alizaliwa Rojhvad akafia Kantasar. Rojhvad na Kantasar. Leo ukiwa na afya nzuri unatoka kimoja kwenda kingine kabla chai haijapoa. Jogoo wa huku akiwika, wa kule anajibu. Lakini Mongi Ma alipokuwa msichana, hivi havikuwa vijiji viwili tu. Zilikuwa nchi mbili. Nchi, wasikilizaji. Rojhvad ilikuwa na mtawala wake, Darbar wa Rojhvad, mwenye ikulu yenye paa linalovuja. Kantasar ilikuwa na Darbar wake, na ikulu yake, na paa lake, nalo linavuja. Na juu yao wote wawili alikaa Mwingereza, ambaye paa lake halikuvuja.

Kathiawar yetu, eneo hili zima, ilikuwa imekatwa vipande kama kitambaa cha fundi mlevi. Tuseme ukweli: si Mwingereza aliyeanza kukata. Tulishaanza wenyewe. Lakini yeye ndiye aliyekuja akasema kila kipande kikae hivyo hivyo, kila mwenye chake abaki nacho, na mkigombana njooni kwangu niwaamue. Basi tukagombana. Tukaenda kwake. Ndicho alichotaka. Kuna watu leo wanatuambia enzi zile kulikuwa na utulivu. Utulivu ulikuwepo, ndiyo. Hata aliyekalishwa chini na kushikwa mabega ametulia.

Katikati ya Rojhvad na Kantasar pana malisho yanayoitwa Dharo. Ni nyasi tu, vichaka, na kisima kimoja. Rojhvad walisema Dharo ni yao. Kantasar walisema Dharo ni yao. Kesi ilianza kabla babu yake Mongi hajaota ndevu, na ilipofika zamu ya Mongi kuzaliwa, bado ilikuwa inaendelea.

Kesi za namna hiyo ziliamuliwa kwa ushahidi wa matumizi. Nani hukata nyasi pale. Nani huondoa mzoga. Na jambo kubwa kuliko yote: msafara wa harusi ukipita na ngoma, unamwomba nani ruhusa? Ukimpa askari wa Rojhvad nazi ya kuombea njia, umekiri ardhi ni ya Rojhvad. Ukimpa askari wa Kantasar nazi, umekiri ni ya Kantasar. Nazi moja ilikuwa na uzito kuliko wazee kumi walioapa.

Mongi alipokuwa mdogo, fahali alikufa Dharo. Fahali mkubwa, wa mtu wa mbali, aliyepotea njia. Kwa kawaida mzoga huburutwa na kijiji chenye ardhi. Basi asubuhi wakaja watu wa Rojhvad na kamba, wakakuta watu wa Kantasar na kamba. Hakuna aliyemruhusu mwenzake aguse. Pande zote mbili zikaweka walinzi wa kulinda mzoga. Jua likawaka. Fahali akavimba. Walinzi wakajifunga vilemba puani, wakaendelea kulinda heshima ya nchi zao. Mwishowe walikuja tai, wakala, wakaondoka. Mongi Ma alikuwa akiwaambia wajukuu zake kwamba wale tai ndio mahakimu pekee aliowahi kuona wakimaliza kesi ya Dharo bila kuiahirisha.

Lakini watoto wa pande zote walichunga palepale. Watoto hawakuhesabiwa kuwa ushahidi. Na ndipo Mongi wa Rojhvad alipomjua Gela wa Kantasar.

Gela alikuwa kijana mrefu mwenye mluzi mbaya. Hivyo ndivyo Mongi Ma alivyomweleza maisha yake yote. Alikuwa akipiga mluzi kuwaita kondoo wake, na kondoo hawageuki. Siku moja Mongi akamwambia, "Wewe, kondoo wako hawakusikii."

Gela akasema, "Wananisikia. Wanakutazama wewe."

Mongi akamwambia kondoo hana akili ya namna hiyo, na asidhani yeye anayo. Lakini alifika nyumbani akasahau ndoo kisimani, na mama yake akaanza kumtazama vizuri. Haikupita muda mrefu wazee wa pande mbili wakazungumza, wakakubaliana, uchumba ukafungwa. Kama ilikuwa bahati au ilikuwa hila ya mtu, Mongi Ma hakuwahi kukiri.

Sasa, kwa mlio vijana, mkumbushwe desturi yetu sisi wafugaji ilivyokuwa wakati ule. Hatukuoana kila mwaka. Wazee walikaa, wakatangaza mwaka wa harusi, na siku yenyewe, na vijana wote wa eneo zima wakaoana siku hiyo moja. Baada ya hapo, kimya. Mwaka mwingine wa harusi ungekuja baada ya miaka minane, au kumi, au zaidi, wazee watakapoamua. Mongi alikuwa na miaka kumi na tisa hivi. Tunarudia: miaka kumi na tisa, na siku moja tu. Akiikosa, angengoja mpaka akaribie thelathini.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Mwezi ule ule, pale Kantasar, msichana mmoja alikuwa amefiwa na mchumba wake kwa homa. Msichana mzuri, mchapakazi, hana bwana harusi, na siku inakuja. Shangazi zake Gela walishaanza kumtazama. Mama yake Gela alikuwa mgonjwa na nyumba ilihitaji mkono. Jua likizama siku ile Mongi hajaolewa, Gela angepewa yule mwingine, jioni hiyo hiyo, asingeulizwa. Mongi alilijua hilo. Kila mtu Rojhvad alilijua.

Na wiki hiyo ya harusi, kati ya wiki zote alizoumba Mungu, ndipo dola lilipomleta afisa wa mpaka.

Watu walimwita Sahebu wa Mawe, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutembea akigonga mawe kwa fimbo na kuuliza lilikuwa hapa tangu lini. Alikuja na ngamia wa mizigo, mpishi, karani, na hema kubwa jeupe. Akataka hema lisimikwe katikati ya Dharo. Mawakili wa nchi mbili wakaanza vita. Nani atatoa ruhusa ya hema? Akitoa Rojhvad, ni ushahidi. Akitoa Kantasar, ni ushahidi. Yule Mwingereza akakaa juu ya sanduku juani, kofia kichwani, akisubiri wenyeji wamalize kugombania heshima ya kumkaribisha. Mwishowe wakaafikiana hivi: ndani ya kamba za hema, maadamu hema limesimama, ardhi si ya Rojhvad wala si ya Kantasar. Si ya mtu. Wakapeana mikono, hema likasimama.

Kisha kila Darbar akapeleka askari Dharo na amri moja: ngoma yoyote ya harusi isipite bila kutoa nazi. Sahebu alikuwa anatazama. Kila Darbar alitaka nazi itolewe kwa askari wake mbele ya macho ya Sahebu.

Asubuhi ya harusi ikafika. Kule Kantasar, baba yake Gela alifikiria kuzunguka kwa njia ya mtoni. Lakini njia ya mtoni ilipita nchi ya tatu, ambayo nayo ilikuwa na kesi na wote wawili. Hapo akasimama mjomba wa Gela, Bijal.

Bijal alikuwa mtu wa adabu. Adabu yake ilijulikana. Alikuwa akiingia zizini anawaamkia ng'ombe. Akasema jambo dogo hili mbona linatusumbua, nazi ni kitu gani, tumpe kila mmoja yake tupite kwa amani. Akachukua nazi mbili. Na hakuna aliyemzuia, wasikilizaji, maana sisi tuko hivyo. Tukiona watu wawili wamenuna tunawapa wote wawili kitu, halafu tunashangaa ugomvi umekua.

Msafara ukaondoka. Gela juu ya gari la ng'ombe, kilemba chekundu, upanga mapajani. Ngoma mbele. Wakaingia Dharo. Bijal akampa askari wa Kantasar nazi, kwa heshima zote. Akapiga hatua chache akampa askari wa Rojhvad nazi, kwa heshima zile zile.

Ikawa balaa. Askari wa Kantasar akasema, umekiri ni kwetu, kwa nini unampa yule? Askari wa Rojhvad akasema vivyo hivyo. Kila mmoja akamtaka Bijal amnyang'anye mwenzake nazi. Bijal akasema haiwezekani, nazi ikishatolewa kuirudisha ni tusi, na yeye hajawahi kumtukana mtu. Askari wakashika hatamu za ng'ombe, mmoja kushoto, mmoja kulia. Msafara haukwenda mbele, haukurudi nyuma. Mpiga ngoma akaambiwa akipiga tena ngoma itapasuliwa. Jua likapanda.

Habari zikafika Rojhvad. Watu wakasema basi Gela ashuke, aje kwa miguu, kimya kimya, bila ngoma, nani atamzuia mtu anayetembea? Baba yake Mongi, Mepa, akakataa. Na alikuwa na haki. Kwetu anayekuja kuchukua mke bila ngoma ni yule anayemfuata mjane. Mepa akasema binti yake hajafiwa na mtu, na hatatolewa nyumbani kwake kama aliyefiwa. Akakaa chini, akageukia ukuta.

Shangazi Puri akaja na wazo lake. Puri alikuwa mnene, mkali, na mchangamfu, na ndiye aliyepika lapsi, ngano ya sukari guru na samli, ya harusi nzima. Alisema wakubwa wa kidarbari, bwana harusi akiwa vitani, hutuma upanga wake, na bibi harusi anazunguka moto na upanga. Basi Gela atume kilemba. Mongi aolewe na kilemba, mambo yaishe, Gela atafuata askari wakichoka.

Mongi alikuwa ameketi chini ya mtandio, bangili za pembe mpaka kwenye mabega, na bibi harusi hatakiwi kusema. Akasema.

"Shangazi, nikiumwa, kilemba kitaniletea maji?"

Puri akajibu, "Kwani mume wangu ameniletea lini? Afadhali ningeolewa na kilemba. Kilemba hakikoromi."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Lakini Mongi hakucheka. Alikuwa anafikiri, na Hiruben anasema mama yake alipokuwa anafikiri alikuwa akiuma ncha ya mtandio, tabia aliyokuwa nayo mpaka wiki iliyopita. Kisha akauliza swali. Ngoma inahesabiwa kuwa ushahidi? Inahesabiwa. Nazi? Inahesabiwa. Ng'ombe aliyekufa? Wote tunajua. Na wanawake wakipita Dharo wakiimba?

Wakatazamana. Hakuna Darbar, hakuna wakili, hakuna Mwingereza aliyewahi kutoa amri kuhusu wanawake wakiimba. Wanawake hawakuwa ushahidi wa kitu chochote.

"Basi twendeni," akasema Mongi.

Wasikilizaji wapendwa, simameni kidogo hapo. Miaka yote ile wanaume wenye elimu walikuwa wamekaa na sheria zao, wakahesabu mzoga, wakahesabu nazi, wakasahau nusu ya watu. Na kupitia tundu hilo hilo la usahaulifu, Mongi wa Rojhvad akatoka na shangazi zake, dada zake, majirani zake, sufuria ya lapsi, chungu cha moto, na kuhani wa harusi katikati yao, amenyamaza kama mtu aliyetekwa. Baba yake, Mepa, akafuata nyuma, akijifanya anatafuta mbuzi.

Askari wa zamu wa Rojhvad aliwaona. Akafikiria amri zake zote. Hakuna iliyofaa. Akawapisha.

Kwetu wanawake wa upande wa bibi harusi wakiuona msafara wa bwana harusi, huupokea kwa mipasho. Matusi ya wimbo. Ndiyo heshima yenyewe. Walipofika kwenye hema waliliona gari la Gela limekwama ng'ambo ya pili, na hawakuweza kujizuia. Wakaanza na mjomba Bijal: kaleta nazi mbili, akili kaisahau nyumbani. Wakaimba mluzi wa Gela. Gela, juu ya gari, akainamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Sahebu wa Mawe alikuwa ndani ya hema, mezani, na ramani na chai. Akatoka kutazama. Ndipo Mongi, bibi harusi, anayetakiwa kuwa kimya chini ya mtandio mpaka kesho yake, akapaza sauti peke yake:

"Sahebu apima mawe, apima hata vichaka,
Mkewe huko Ulaya kila siku amsaka.
Kamba yake ndefu sana, na kalamu mkononi,
Kitanda chake kitupu, ajifunike ramani."

Wanawake wakaitikia. Askari wa Rojhvad akacheka. Askari wa Kantasar akacheka, akakumbuka yuko kazini, akacheka tena.

Sahebu akamgeukia karani wake. Karani aliitwa Anantrai, mtu wa mjini, mwembamba, msafi. Akamuuliza yule mwanamke anasema nini. Anantrai akasema anaisifu kazi ya Sahebu. Sahebu akauliza ni sifa gani hizo, mbona watu wanashika mbavu. Ikabidi Anantrai amtafsirie, yote, mpaka kitanda.

Uso wa yule Mwingereza ukaiva kama pilipili. Askari wakaacha kucheka. Mepa, nyuma kabisa, akakiri baadaye kwamba pale alijiona ameshafungwa jela.

Anantrai akaongea haraka. Alimweleza bwana wake desturi yetu. Anayeimbiwa mipasho harusini si adui, amefanywa ndugu wa harusi. Akikasirika, amekubali kwamba wimbo ni wa kweli. Akicheka, ameshinda, ila ana deni la zawadi, na mwimbaji ndiye anayeitaja.

Sahebu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie sina mke."

Anantrai akamwambia Mongi. Mongi akajibu palepale, "Ndiyo maana anazunguka na kamba kwenye malisho ya watu."

Hapo ndipo Sahebu alipocheka. Alicheka vibaya, Mongi Ma alisimulia, kama mtu ambaye hajafanya hivyo tangu ashuke melini. Akauliza zawadi gani anataka. Watu walidhani atataka sarafu ya fedha. Mongi akasema anataka kivuli. Kivuli cha hema, ndani ya kamba, mpaka jua lizame.

Anantrai ndiye aliyeelewa kwanza. Akatabasamu, akatazama pembeni. Ndani ya kamba ardhi si ya mtu. Ngoma ikipigwa ndani ya kamba haimshuhudii yeyote. Mawakili wenyewe walipeana mikono juu ya jambo hilo. Sahebu akafikiri, akaangalia kamba zake, akaangalia askari, akaamuru meza iondolewe.

Gela akashuka garini. Akatembea kimya mpaka kwenye kamba, watu wake nyuma yake. Akainama, akapita chini ya kamba. Na alipokuwa ndani tu, mpiga ngoma akapiga. Mepa aligomba kidogo kwamba hii si ngoma ya uwanjani. Puri akamwambia ngoma ni ngoma hata ikipigwa jikoni, na kama anataka binti yake asubiri mwaka mwingine wa harusi aseme sasa, lapsi inapoa. Mepa akaruka kamba.

Wakaoana. Watu wa vijiji viwili walibanana ndani ya zile kamba kama kondoo siku ya kunyolewa, maana mguu ukitoka nje unakuwa ushahidi. Kuta za hema zilifunguliwa moshi utoke. Walizunguka moto mara nne, na kila mzunguko walimkanyaga mtu. Kwenye kitanda cha Sahebu walikalishwa bibi vizee. Beseni lake la kunawia likajazwa mtindi. Puri, akitafuta mahali pa kuweka sufuria, aliiweka juu ya ramani, na alipoiinua ilikuwa imeacha duara jeusi la masizi lililomeza Rojhvad nzima na nusu ya Kantasar. Anantrai aliliona. Akaikunja ramani, duara likabaki ndani.

Kisha wakacheza hudo, ngoma yetu ya kupigana viganja, wanawake safu hii, wanaume safu ile, na kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma walipigana viganja wakiwa pua kwa pua. Sahebu alijaribu. Mkono wake ulikutana na kiganja cha Puri, akakaa na maumivu mpaka alipohama. Chakula kikapitishwa juu ya kamba kwa askari. Askari wa Rojhvad na askari wa Kantasar wakaketi kwenye nyasi, sahani moja katikati yao, na zile nazi mbili za Bijal wakazipasua kwa panga, wakala. Ushahidi wote ukaenda tumboni.

Jua lilipokuwa linazama, Mongi alikuwa mke wa Gela.

Msafara ukarudi Kantasar bila ngoma, maana ngoma nje ya kamba ilikuwa bado na matatizo. Watu walitembea kama wachungaji wanaorudi nyumbani, mikono mdomoni wasicheke. Na yule msichana aliyefiwa na mchumba? Wafugaji wa kijiji cha jirani walikuja siku hiyo hiyo kumposa, akaolewa, na yeye na Mongi Ma walikuwa marafiki wa chanda na pete mpaka yule mwenzake alipotangulia kufa.

Mnataka kujua kesi iliishaje. Haikuisha. Sahebu wa Mawe alihamishwa. Akaja mwingine, asiyecheka. Mawakili wa nchi mbili wakatumia miaka wakibishana moshi wa harusi ile ulielekea upande gani ulipotoka hemani, na kama moshi ni matumizi ya ardhi. Watu hawa walikuwa na elimu, wasikilizaji. Walilipwa kwa kodi ya nyasi zetu.

Halafu uhuru ukaja, nchi ndogo zote za huku zikaunganishwa. Hakuna aliyekuja Dharo kutangaza. Asubuhi moja askari hawakuonekana, basi. Mongi alikuwa na Hiru, huyu huyu Hiruben, mgongoni na ndoo kichwani. Alisimama pale walipokuwa wakisimama siku zote, kwa mazoea tu. Akangoja aulizwe. Hakuulizwa. Akapita, akaenda kumsalimu mama yake.

Msidhani hapo ndipo penye mwisho mwema, tukafunga kitabu. Miaka ya baadaye walikuja watu wetu wenyewe, wenye lugha yetu, wakaleta waya wa miiba Dharo, wakasema malisho ni ya mtu fulani mwenye mpango fulani. Mongi Ma alikuwa ameshakuwa bibi. Alikwenda na wanawake, wakakaa mlangoni pa ofisi, wakawaimbia mipasho kila afisa aliyeingia na kutoka, kwa jina lake, na jina la baba yake. Alisema, "Mwingereza alikuwa mgeni, akaona haya. Ninyi mna nini?" Waya ukaondolewa. Haukuondolewa kwa huruma. Uliondolewa kwa sababu hakuna afisa aliyetaka kusikia ubeti wa pili.

Huyo ndiye Mongi Ma. Mongi Ma wa Kantasar, aliyezaliwa Rojhvad. Jumanne iliyopita, asubuhi, baada ya kukamua.

Kwa Hiruben na wadogo zake, kwa wajukuu na vitukuu, kwa wanawake wa vijiji vyote viwili waliojifunza kwake kufungua mdomo, sisi wa kipindi hiki na wasikilizaji wetu wote tunawapa pole. Mungu amweke pema. Na sisi tuliobaki tutafakari: ni mistari mingapi tunaigombania leo iliyochorwa na mtu aliyekwisha kwenda zake? Ni nani tumemsahau tulipohesabu mashahidi? Mjadili hayo mezani, na mcheke, maana ndivyo alivyotaka.

Pole ya mwisho ni ya Gela Bapa. Alikuwa amekaa nje ya nyumba, kilemba cheupe, fimbo mapajani. Alisema maneno machache. "Bwana harusi huenda kwa bibi harusi. Mimi nilifuatwa. Nilikuwa juu ya gari, nimeshikwa huku na huku, nikamwona anakuja."

Tulimwomba atuonyeshe mahali hema liliposimama. Akanyanyua fimbo, akaielekeza Dharo, akaihamisha kidogo, akaishusha. Akasema hawakuwahi kukubaliana. Mongi alisema ni karibu na kisima. Yeye alisema ni juu zaidi, kwenye vichaka. Miaka yote walikuwa wakienda pale jioni na mifugo, wanabishana, kila mtu na ushahidi wake, mpaka wakati wa kukamua unawafukuza.

"Sasa nikisema ni kwenye vichaka, ni kwenye vichaka," akasema Gela Bapa. "Nani atanikatalia? Nimeshinda kesi. Na sitaki."